Kunyoosha mgongo uliopinda: tumaini la mgonjwa na wajibu wa kuhesabu matokeo

Daktari anapoiambia familia kwamba mgongo wa mgonjwa wao uliopinda unaweza kurekebishwa kwa upasuaji, swali la kwanza huwa ni la gharama. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukusanya michango, tangazo husomwa mwishoni mwa Misa, na ndugu huulizana kama safari itakuwa ya Muhimbili au ya India. Lipo swali jingine linalopaswa kuulizwa mapema vilevile: je, watu waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa namna hii wanaendeleaje baada ya mwaka mmoja, miwili au kumi? Makala hii inatazama kile ambacho utafiti wa kitabibu umekwisha kubaini, kile kinachopaswa kupimwa hapa kwetu, na nafasi ya waamini wa Kinondoni, Temeke na pembezoni mwa Dar es Salaam katika kazi hiyo.

Chanzo cha upindo

Uti wa mgongo wa mtu mzima hupinda kwa sababu nyingi. Wapo ambao mgongo ulianza kupinda kando walipokuwa bado wanafunzi, wakakosa matibabu, na upindo ukaongezeka kadiri miaka ilivyokwenda. Wapo ambao diski na viungo vya pingili vimechakaa kwa umri, hata kiwiliwili kikainama mbele. Wapo walioanguka kutoka juu ya mti au jengo, au waliopata ajali wakiwa juu ya bodaboda, na mfupa ukaunga vibaya. Tena wapo waliopata kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hula pingili kwa upande wa mbele hadi zinaporomoka na kuacha kibiongo. Sababu hii ya mwisho si ngeni kwetu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu.

Upindo wa kando ukizidi nyuzi 10 katika picha ya eksirei, madaktari huuhesabu kuwa ulemavu wa mgongo. Hata hivyo, nyuzi peke yake hazisemi mtu anateseka kiasi gani. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2005 ulionesha kwamba kadiri mwili unavyoinama mbele ndivyo maumivu yanavyozidi na uwezo wa kufanya kazi unavyopungua. Mtu wa namna hii hutumia nguvu nyingi kusimama tu. Hukunja magoti ili aweze kutazama mbele, na akishatembea hatua chache hutafuta mahali pa kuegemea.

Upasuaji wa kurekebisha hali hiyo ni mzito. Huchukua saa nyingi, damu nyingi hupotea, skrubu hupigiliwa katika pingili na kuunganishwa kwa vyuma virefu, na pengine sehemu ya mfupa hukatwa ili mgongo upate kunyooka. Pingili zilizofungwa kwa vyuma huunganishwa ziwe mfupa mmoja. Mgonjwa hupata mgongo ulionyooka zaidi, lakini sehemu hiyo haitajikunja tena maisha yake yote.

Hesabu zilizofanywa kwa uaminifu

Kwa miaka mingi matokeo ya upasuaji huu yalitajwa kwa kutegemea kumbukumbu za hospitali moja moja, zilizopekuliwa baada ya kazi kwisha. Udhaifu wa njia hiyo ulidhihirika pale madaktari wa vituo 15 vya Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia walipokubaliana kuwapima wagonjwa kabla ya upasuaji, na kuwapima tena kwa utaratibu uleule baada yake. Utafiti huo, unaojulikana kama Scoli-RISK-1, uliwafuatilia watu wazima wapatao 270 wenye upindo mgumu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Ilibainika kwamba takribani asilimia 22 waliondoka hospitalini wakiwa na nguvu kidogo za miguu kuliko walipoingia. Baada ya miezi sita idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi takribani asilimia 11, na kwa wakati huohuo takribani mmoja kati ya watano alikuwa na nguvu zaidi kuliko kabla ya upasuaji. Ripoti za zamani zilikuwa zikitaja hatari ndogo kuliko hiyo. Wagonjwa wa zamani waliambiwa kiasi kidogo kwa sababu hakuna aliyekuwa amewapima wote kwa makini.

Utafiti wa pili unafundisha jambo jingine. Vituo tisa vya Amerika ya Kaskazini viliwachukua watu wa umri wa miaka 40 hadi 80 wenye upindo wa kiuno unaoleta maumivu, ili kulinganisha upasuaji na matibabu yasiyo ya kisu, yaani dawa, sindano na mazoezi ya viungo. Wagonjwa 63 walikubali kupangiwa matibabu kwa njia ya kura. Wengine 223 walijichagulia wenyewe, nao wakafuatiliwa. Kati ya waliopangiwa kutopasuliwa, zaidi ya nusu walibadili mawazo na kuomba upasuaji kabla ya miaka miwili kutimia. Kwa sababu hiyo, matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalisomeka kwa namna mbili. Walipohesabiwa kwa kufuata kura ya mwanzo, ubora wa upasuaji haukuthibitika. Walipohesabiwa kwa kufuata matibabu waliyoyapata hasa, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Lakini takribani asilimia 14 ya waliopasuliwa walirudishwa tena kwenye chumba cha upasuaji ndani ya miaka miwili.

Mtu anayetaka jibu la neno moja atasikitishwa na utafiti huo. Kwa mgonjwa aliye mbele ya daktari, hata hivyo, una thamani kubwa. Unamwambia kwamba upasuaji unaweza kumsaidia sana mwenye maumivu makali, kwamba wapo waliobaki bila kisu na hawakupata madhara ya kisu, na kwamba anayekubali kupasuliwa akubali pia uwezekano wa kurudi mezani kwa mara ya pili. Familia iliyokusanya fedha za upasuaji mmoja kwa jasho la mwaka mzima inastahili kuambiwa hilo mapema.

Mgongo mgumu katika nyumba zetu

Hapa ndipo tofauti kati ya vituo vile na mitaa yetu inapojitokeza. Wagonjwa wa tafiti hizo waliulizwa kuhusu kukaa, kusimama, kulala, kuinua mizigo na kusafiri. Maswali hayo ni mazuri, lakini yalitungwa kwa ajili ya watu wanaotumia choo cha kukalia, jiko la kusimama na gari la binafsi. Mama wa Mbagala au Tandale huinama kuwasha jiko la mkaa, hufua nguo katika beseni lililo chini, hubeba ndoo ya maji, huchuchumaa chooni na hupanda daladala iliyojaa. Siku ya Dominika hupiga magoti. Pingili za kiuno zikiunganishwa hadi kwenye nyonga, baadhi ya mambo hayo huwa magumu sana, na mengine hayawezekani kabisa.

Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuandikwa katika jedwali la kitaalamu kuwa amefanikiwa, ilhali nyumbani anahitaji mtu wa kumsaidia chooni. Inawezekana pia ikawa kinyume chake, kwamba mtu aliyekuwa hawezi kusimama hata dakika tano sasa anauza genge lake siku nzima, naye akaona ugumu wa mgongo kuwa gharama anayoweza kuibeba. Hakuna daktari wa New York anayeweza kulijibu swali hilo kwa niaba ya mtu wa Temeke. Litajibiwa na wagonjwa wa hapa, wakiulizwa maswali ya maisha ya hapa, kabla ya upasuaji na kwa miaka kadhaa baadaye.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watafiti wa tiba wamelitambua hilo kwa namna yao: siku hizi kipimo kikuu cha upasuaji wa mgongo ni kauli ya mgonjwa mwenyewe, na picha ya eksirei huja kuisindikiza.

Fundisho kutoka Bulawayo

Historia inayo mifano ya jinsi utafiti uliofanyika miongoni mwa watu wa kipato cha chini ulivyobadili tiba duniani kote. Kuanzia miaka ya 1960, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliratibu majaribio juu ya kifua kikuu cha uti wa mgongo huko Korea, Hong Kong, Madras nchini India, na Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Wakati huo iliaminika kwamba mgonjwa lazima alazwe miezi mingi, avikwe gamba la plasta, na mara nyingi apasuliwe. Majaribio yalionesha kwamba wagonjwa waliokunywa dawa kwa uaminifu huku wakiendelea kutembea walipona sawasawa na waliolazwa, na kwamba plasta haikuongeza faida. Kule Bulawayo, kusafisha usaha na mifupa iliyooza kwa kisu hakukuwa na faida zaidi ya dawa peke yake. Kwa upande mwingine, upasuaji mkubwa wa Hong Kong, unaoondoa sehemu iliyoharibika na kupandikiza mfupa, ulipunguza ukubwa wa kibiongo kilichobaki. Wagonjwa walifuatiliwa hadi miaka 15, na taarifa ya mwisho ilitoka mwaka 1998.

Faida ya kazi hiyo ingali nasi. Leo mtu mwenye kifua kikuu cha mgongo akigunduliwa mapema anaweza kupona kwa dawa, na dawa hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma nchini. Kwa hiyo, maumivu ya mgongo yasiyokoma, yanayoandamana na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, si ya kutibiwa kwa kuchua na dawa za kutuliza maumivu mwaka mzima. Vibiongo vingi vya watu wazima vingezuiliwa katika miezi ya mwanzo ya ugonjwa, bila kisu na bila mchango.

Bara letu na jiji letu

Kwa wale ambao mgongo umekwisha kupinda vibaya, Afrika nayo imeanza kuandika hesabu zake. Katika makao ya Wamisionari wa Upendo, watawa wa Mama Teresa, jijini Addis Ababa, daktari Mmarekani Rick Hodes aliwakuta vijana wenye vibiongo vikali mno, wengi wao kwa sababu ya kifua kikuu. Baadaye alianza kuwapeleka kwa Profesa Oheneba Boachie-Adjei, mzaliwa wa Ghana aliyebobea New York, ambaye mwaka 1998 alianzisha taasisi ya FOCOS, iliyofungua hospitali yake karibu na Accra mwaka 2012. Huko wagonjwa wengi huvutwa kichwa taratibu kwa uzito kwa muda wa majuma kadhaa, ili mgongo ulegee kabla ya upasuaji. Madaktari hao wamechapisha mafanikio yao pamoja na madhara waliyokutana nayo, na hivyo kuwapa wenzao wa Afrika kipimo kinachofanana na wagonjwa wao.

Hapa Dar es Salaam, mlango mkuu ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 7 ya mwaka 1996. Mgonjwa wa Kinondoni kwa kawaida hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na wa Temeke hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, kabla ya kufika huko. Madaktari wa MOI, akiwemo Dkt. Hamisi Shabani, kwa kushirikiana na Profesa Roger Härtl na wenzake wa Weill Cornell ya New York, wamechapisha tafiti kadhaa juu ya watu walioumia uti wa mgongo nchini. Tafiti hizo zinahusu majeraha, hazihusu vibiongo vyenyewe. Hata hivyo zinafunua mazingira yaleyale. Wagonjwa walitoka mbali, wengi walichelewa kufika, na waliopasuliwa walisubiri kwa muda mrefu. Tafiti hizo pia zilipima kama upasuaji wa namna hiyo unastahili gharama yake katika nchi yenye kipato kama chetu, na hesabu za awali ziliashiria kwamba unastahili.

Hesabu kama hizo zina uzito wa pekee wakati huu ambapo Taifa linayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Bima yoyote hulazimika kuamua italipia nini na itaacha nini. Tiba isiyo na kumbukumbu za matokeo ni rahisi kuachwa nje, na wanaoumia kwanza ni wale wasio na ndugu wa kuwachangia.

Utafiti wenye heshima kwa mtu

Neno utafiti huwatia watu wengi hofu. Husemwa mitaani kwamba maskini hufanywa vyombo vya majaribio, na historia ya tiba duniani inayo matukio yanayoifanya hofu hiyo isiwe ya bure. Ndiyo maana yafaa kutofautisha. Ipo kazi ya kumpima mgonjwa na kumfuatilia, huku akipata matibabu yaleyale ambayo angeyapata hata hivyo. Na lipo jaribio ambamo matibabu hupangwa kwa kura, kwa kuwa wataalamu hawajajua kwa hakika lipi ni bora. Yote mawili yanahitaji kibali cha kamati ya maadili, na kwa ngazi ya kitaifa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina dhamana hiyo. Lakini la pili linahitaji maelezo marefu zaidi, na moyo ulio huru zaidi.

Mafundisho ya Mama Kanisa juu ya jambo hili ni wazi. Tarehe 14 Septemba 1952, Papa Pio XII aliwaeleza wataalamu wa tiba kwamba manufaa ya sayansi hayako juu ya mtu, na kwamba daktari hana mamlaka juu ya mwili wa mgonjwa isipokuwa yale aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Katekisimu, katika namba 2295, inakataa utafiti unaomweka mtu katika hatari isiyo na uwiano au inayoepukika, na inadai ridhaa ya mhusika yenye ufahamu. Nalo Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililorekebishwa mara ya mwisho mwaka 2024, limeweka misingi inayofanana na hiyo kwa madaktari wa dunia nzima. Mgonjwa anaweza kukataa, na anaweza kujitoa wakati wowote, bila kupoteza haki ya kutibiwa.

Katekisimu inafundisha pia, katika namba 2278, kwamba mtu hafungwi kupokea tiba zilizo nzito na za hatari zisizolingana na manufaa yanayotarajiwa. Mzee wa miaka 75 mwenye moyo dhaifu, anayeamua kubaki na fimbo yake, dawa zake na mazoezi yake, hajakosa imani wala hajakata tamaa. Wala binti wa miaka 30 anayechagua upasuaji hapaswi kuambiwa kwamba angevumilia tu msalaba wake. Mwinjili Luka, katika sura ya 13, anamsimulia mwanamke aliyeinama kwa miaka 18 bila kuweza kujinyoosha. Yesu hakumngoja aombe, wala hakukubali apangiwe siku nyingine kwa sababu ilikuwa Sabato. Alimwita binti wa Abrahamu. Mateso yake hayakuchukuliwa kuwa jambo la kuzoeleka, na heshima yake ilitangazwa mbele ya sinagogi nzima.

Kazi iliyo mikononi mwa parokia

Jumuiya Ndogo Ndogo zina uwezo ambao hospitali hazina, yaani kumfahamu mtu kwa jina na kujua kama amehama. Utafiti wowote wa upasuaji hudhoofika wagonjwa wasiporudi kliniki, na wengi hawarudi kwa kukosa nauli, kwa kubadili namba ya simu, au kwa kuona kwamba maadamu wamepona hakuna haja. Aliyepata madhara akikata tamaa na kukaa nyumbani, hospitali itamhesabu kimakosa au haitamhesabu kabisa, na mgonjwa ajaye ataahidiwa zaidi ya ukweli. Kwa hiyo, jumuiya inapopanga mchango, itenge tangu mwanzo nauli ya kurudi kliniki kwa miaka miwili, pamoja na akiba kwa ajili ya dharura. WAWATA na UWAKA wanaweza kumpangia mgonjwa wa kumsindikiza.

Familia nayo iende kwa daktari ikiwa na maswali yaliyoandikwa. Je, upindo huu umetokana na nini, na kifua kikuu kimepimwa? Ni matibabu gani yasiyo ya kisu ambayo hayajajaribiwa? Ni wagonjwa wangapi wa namna hii wamepasuliwa hapa, na wangapi kati yao wanatembea vizuri leo? Ni wangapi walirudi mezani? Je, nitaweza kuchuchumaa, kubeba mtoto, kurudi kwenye kazi yangu? Nikikataa, mgongo utakuwaje baada ya miaka mitano? Maswali haya si dharau kwa daktari. Daktari bingwa mwenye kuweka kumbukumbu zake huyapokea kwa furaha, kwa kuwa ndiyo maswali anayojiuliza mwenyewe.

Na mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa, akiombwa aseme anavyoendelea, aseme kweli: maumivu yaliyobaki na nafuu aliyoipata, anachoweza kukifanya na kile alichopoteza. Asiseme vizuri kwa kumwonea daktari haya, wala asizidishe malalamiko. Taarifa yake itamsaidia mtu wa Bunju au Chamazi, ambaye hatamfahamu kamwe, kuamua vema zaidi kuhusu mgongo wake mwenyewe.